Gome la Muthiga na Mguu wa Mama

Mama alijikata na jembe siku ya kupanda viazi, na hakuniambia. Jembe lilipasua buti ya mpira likaingia mguu wa kushoto, juu kidogo ya vidole, naye akafunga kitambaa akamaliza mistari iliyobaki. Hayo niliyasikia baadaye kutoka kwa jirani. Mimi nilikuwa Nakuru, nikisaga magome ya miti katika maabara ya chuo ninakofanya kazi, na kila nilipompigia simu aliniambia yuko sawa, viazi vimeshika, mvua ni nzuri, nisije Mau Narok kumaliza mafuta ya gari bure.

Wiki ya tatu sauti yake ilianza kunisumbua. Alikuwa akijibu haraka mno, kama mtu anayetaka kukata simu kabla hujamuuliza swali la pili. Jumamosi asubuhi nikapanda Mau Narok. Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, mguu ameuweka juu ya debe lililopinduliwa, na harufu ilinifikia kabla sijamsalimia. Nimefanya kazi na bakteria miaka kumi na moja. Harufu ile sikuhitaji kuelezwa.

"Ni kidonda kidogo tu, baba," alisema. Huniita baba kwa kuwa nilipewa jina la babake.

"Umeweka nini?"

"Dawa."

"Dawa gani, mama?"

Alielekeza kidevu upande wa zizi. Kwenye dirisha la mbao, kando ya mkebe wa mafuta ya kukamulia, kulikuwa na mirija mitatu mitupu ya ile dawa ya chuchu za ng'ombe zilizovimba, ile inayouzwa agroveti, duka la dawa za mifugo, bila mtu kukuuliza lolote. Alikuwa ameiminya yote ndani ya kidonda. Ilipokataa, akapekua mkoba wake, akapata vidonge vya rangi mbili vilivyobaki zamani, akameza vinne siku ya kwanza, viwili siku ya pili, kisha akaacha kwa sababu alihisi nafuu.

Nilifungua mdomo nimfokee, nikaufunga. Vidonge vile nilivijua. Mimi ndiye niliyemletea. Tangu nikiwa mwanafunzi nimekuwa nikimnunulia mjini, vya kikohozi, vya jino, vya homa isiyojulikana, nikimwambia ameze mpaka asikie vizuri na vingine aweke. Mimi, mtu ninayelipwa kujua kwamba bakteria unaowaacha nusu hai ndio wanaojifunza kuizoea dawa, ndiye niliyemwambia mama yangu aweke.

Jumatatu nilimpeleka hospitali mjini. Wakapangusa usaha kwa pamba ya kijiti, wakapeleka kupimwa, na Alhamisi tukaitwa. Karatasi ya majibu ilikuwa na orodha ya dawa upande mmoja na herufi moja moja upande wa pili. S maana yake dawa inafanya kazi. R maana yake bakteria wameishinda. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, kabla daktari hajaniita: R, R, R, R, kidole changu kikishuka na karatasi, mpaka karibu na mwisho nikapata S mbili.

Daktari, mwanamke kijana aliyeonekana hajaketi tangu asubuhi, alituambia wazi. "Huyu mama lazima alazwe. Tutaondoa nyama iliyokufa, halafu tumpe dawa ya mshipa. Zilizobaki ni hizi mbili, na moja inataka tuangalie figo kila wakati. Kitanda nitapata Jumatatu. Homa ikipanda kabla ya hapo, mlete usiku au mchana."

"Na ng'ombe nimwachie nani?" Mama aliuliza.

"Ng'ombe ana miguu minne," daktari alisema. Mama alicheka. Mimi sikuweza.

Nilimrudisha nyumbani jioni hiyo, kwa sababu alikataa katakata kungoja mjini, nikalala huko. Asubuhi yake, nilipokuwa nikimbadilishia bandeji, nilifanya jambo ambalo bado sijui kulieleza vizuri. Nilitoa mfukoni kijiti cha pamba kilichofungwa, nikapitisha kwenye kidonda, nikakirudisha ndani ya mrija wake.

"Hiyo ni ya nini tena?" Mama aliuliza.

"Ya kuhakikisha," nilisema.

Lazima nieleze kazi yangu hapa. Miaka miwili kabla ya hapo, profesa ninayefanya kazi chini yake alikuwa anatafuta miti ambayo watu wa Mau na bonde lote hutumia kwa vidonda na vifua. Nilimpeleka kwa shangazi yangu, dada ya marehemu baba, anayeishi chini zaidi, njia ya kushuka Njoro, ambako kando ya mto bado kuna miti ya asili. Shangazi alitupa gome la muthiga. Ni gome linalowasha ulimi kuliko pilipili; kwetu hutafunwa mtu akiwa na koo au jino. Ndani yake kuna kemikali nyingi, na ile iliyo kali kuliko zote ndiyo inayochoma. Mti huitengeneza kujilinda na wadudu na kuvu. Tulilikausha gome, tukalisaga, tukaliloweka katika spiriti, tukaikausha spiriti mpaka ikabaki gundi ya kahawia, kisha tukaanza kuitenganisha gundi hiyo sehemu kwa sehemu, tukiuliza kila sehemu swali lile lile: wewe unaweza kuwaua wale bakteria ambao wamezishinda dawa za duka?

Kwa hiyo Ijumaa hiyo nilishuka Nakuru na bakteria wa mama yangu ndani ya mfuko wa shati. Hakuna aliyeniruhusu. Sampuli ya mgonjwa haiingii maabara yetu bila barua, bila sahihi yake, bila namba. Nilijua haya yote; mimi ndiye huwafundisha wanafunzi wapya. Nilingoja wenzangu waende chakula cha mchana, nikawapanda bakteria kwenye sahani, nikatoboa matundu, nikadondoshea humo maji ya muthiga, na pembeni nikaweka vidoa vya karatasi vyenye dawa za kawaida. Kwa haraka niliruka hatua mbili. Kisha nikaiweka sahani kwenye kabati la joto na kuanza kuzunguka. Niliosha glasi zilizokuwa safi. Nilikwenda kununua chai kwenye kibanda cha getini nikaiacha pale kaunta bila kuonja. Mlinzi aliniuliza mara mbili kama nimepoteza kitu.

Jumamosi asubuhi, saa moja, maabara ikiwa tupu, nilifungua mlango wa lile kabati la joto. Sahani yote ilikuwa imejaa, rangi ya siagi. Kuzunguka dawa za kawaida bakteria walikuwa wamejaa mpaka kwenye ukingo wa karatasi, kama kwamba hapakuwekwa chochote. Lakini kuzunguka muthiga palikuwa na duara jeupe, safi, pana, ambamo hapakuwa na kitu hai.

Niliketi chini sakafuni. Nilikuwa nimeona maduara kama hayo mara nyingi, kwa bakteria waliotumwa kwetu kwenye vichupa, wasio na mwenyewe. Hawa walikuwa wametoka kwenye mguu nilioufunga bandeji. Na hapo ndipo nilipokosea zaidi. Nilipiga simu nyumbani. Shangazi ndiye aliyeshika, kwa kuwa alikuwa amepanda kumsaidia mama na ng'ombe.

"Shangazi, limewaua," nilisema. "Gome lako limewaua wale wa mama."

"Nilikuwa nimewaambia," alisema. Sauti yake haikuwa na mshangao wowote.

Sikuongeza neno. Sikusema ngojeni, sikusema sahani si mguu. Nilikuwa na furaha na wasiwasi vimechanganyika, nikakata simu nikaenda kutembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu.

Jumapili nilipofika nyumbani kumchukua mama, nilimkuta kitandani. Mguu ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kipya, na chini ya kitambaa kulikuwa na uji mzito wa kahawia. Nilipoutoa, ngozi nzima iliyokizunguka kidonda ilikuwa nyekundu, imetoka malengelenge, na mahali pengine imebanduka. Mama alikuwa ameuma mto.

"Inachoma," alisema, "lakini si inaua?"

Nilimgeukia shangazi. "Nani amekuambia uweke?"

"Wewe." Alisimama mlangoni, ameshika sufuria. "Jana, saa mbili asubuhi. Ama ulikuwa unanipigia kunisalimia?"

"Sikusema uweke!"

"Ulisema limewaua. Mimi nifanye nini na hiyo habari? Niifunge kwenye leso?"

"Kunywa na kutafuna ni kitu kingine. Hujawahi kuliweka kwenye kidonda kilicho wazi hivi."

"Sijawahi," alikubali. "Kwa kidonda mimi hutumia majani mengine. Lakini wewe ndiye uliyesoma, ukaniambia ni hili."

Nilichota maji safi nikaanza kumwosha mama mguu, na maji yalipogusa ngozi ile alinishika bega akaniminya mpaka nikahisi kucha. Hakulia. Aliniambia tu, "Pole pole, baba," kana kwamba mimi ndiye niliyeumia. Shangazi aliketi kwenye kigoda, akatazama sakafu mpaka nilipomaliza.

Jumatatu mama alilazwa. Nilimweleza daktari kila kitu, gome na mirija ya ng'ombe na vidonge vyangu. Aliandika yote bila kuinua kichwa. Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa profesa, nikiwa bado na matope ya Mau Narok kwenye viatu, kwa sababu niliona nikiketi kwanza sitakwenda.

"Madam, nimeingiza sampuli ya mama yangu kwenye maabara," nilisema.

Alivua miwani. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Ile ripoti ya seli uliisoma?"

Nilikuwa nimeisoma. Mwezi mmoja kabla, wenzetu wa maabara nyingine walikuwa wametuma majibu: kiasi kile kile cha muthiga kinachoua bakteria kinaua pia chembe za ngozi ya binadamu zinazokuzwa kwenye chupa. Mimi ndiye niliyeichapisha ripoti na kuitoboa matundu ili iingie kwenye faili.

"Niliisoma," nilisema.

"Hata maji ya betri yanaua bakteria," alisema. "Ungempaka mama yako maji ya betri?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Kinachowasha ndicho kinachoua, na hakijui kuchagua. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kutafuta namna ya kukifundisha kuchagua, au kupata kingine ndani ya gome hilo hilo ambacho hakichomi. Inaweza kuchukua miaka. Inaweza isifike."

Sahani ya mama iliwekwa kwenye mtungi wa mvuke siku hiyo hiyo ikachemshwa mpaka hakuna kilichobaki. Niliandika barua ya kujieleza. Nikaondolewa kwenye meza ya majaribio miezi miwili, nikapewa kuosha vyombo na kuandaa chakula cha bakteria cha wanafunzi. Nilikubali. Nadhani ningesikitika zaidi kama ningesamehewa tu.

Siku mama alipoingia chumba cha upasuaji, shangazi alikuja. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Hakunisalimia, aliketi nami kwenye benchi la saruji nje ya wodi. Nilikuwa siwezi kutulia. Niliinuka kila mlango ulipofunguka, nikaenda mpaka getini, nikarudi.

"Keti," aliniambia mwishowe. "Unanizungusha kichwa."

Niliketi.

"Miaka miwili," alisema. "Mlikuja kwangu na profesa wako, nikawaonyesha mti ambao hata watoto wangu sijawaonyesha. Mkabeba magunia mawili. Mlisema mtarudi kuniambia. Ni nani amerudi?"

"Hakuna, shangazi," nilisema, nikamweleza ile ripoti ya seli.

"Kumbe mlijua linachoma ngozi."

"Tulijua mwezi uliopita."

"Na mwezi uliopita mimi nilikuwa wapi? Si nilikuwa pale pale nyumbani?" Alifuta macho kwa kona ya leso, kwa hasira, kama anayefuta jasho. "Yule mama nimekaa naye miaka arobaini kama dada. Nimemchoma kwa mikono yangu."

Nilimwambia si yeye, ni mimi. Alisema tugawane lawama basi, maana ni kubwa ya kutosha. Kisha muuguzi akatuita.

Walimkata mama vidole viwili vya mguu, kidogo na kinachokifuata. Daktari alisema siku tano zaidi na ungekuwa mguu. Ile dawa ya mshipa ilidondoka ndani yake siku kumi na nne, polepole, kila asubuhi wakimtoa damu kuangalia figo. Nilikuwa nikifika kabla ya kazi na baada ya kazi, nikisoma chati iliyoning'inia kitandani kama mtu anayetafuta kosa. Homa ilishuka siku ya nne. Siku ya sita aliuliza nani anakamua ng'ombe, na muuguzi akaniambia hiyo ni dalili nzuri. Siku ya kumi na tano nilimpandisha Mau Narok, na njiani aliniomba tusimame Njoro anunue mbegu ya karoti.

Kabla hajashuka garini alinikabidhi mkoba wake. "Toa zote," alisema. Nilitoa vidonge vya rangi zote, vingine vimeganda, vingine bila jina, vya miaka ambayo siikumbuki. Karibu vyote nilivileta mimi.

Anatembea sasa. Anatupa mguu nje kidogo, na kwenye buti ya kushoto huweka sufu ya kondoo mahali vidole vilipokuwa. Akiulizwa husema jembe lilimwonea wivu. Mimi hilo halinichekeshi bado.

Niliporudi kwenye meza yangu, gundi yetu ya zamani ilikuwa imekwisha, na mwanafunzi mmoja alikuwa amenunua gome lingine kwa muuzaji wa mjini. Tulilijaribu. Duara lilikuwa jembamba kama ukucha. Mti ule ule, jina lile lile, lakini ulikua kwingine, umri mwingine, pengine gome lilikatwa msimu mwingine. Tulirudia mara tatu. Profesa akasema tumrudie shangazi, na safari hii alikuja na faili chini ya kwapa, akamsomea shangazi ukurasa baada ya ukurasa kwenye sebule yake, nami nikitafsiri pale maneno yalipokuwa magumu. Ilichukua mchana mzima. Shangazi aliuliza maswali mengi kuliko jopo lolote nililowahi kusimama mbele yake.

Kisha akatupeleka mtoni. Tulipofika kwenye mti wa kwanza alisimama ghafla, akaweka mkono mdomoni. Watu walikuwa wameubandua gome kuuzunguka wote, kutoka magotini hadi juu ya kichwa, na majani ya juu yalikuwa yameanza kukauka. Wa pili vile vile. Kuna wanaolisaga na kuliuza kwenye vikopo siku za soko, wakisema linatibu kila kitu. Wa tatu, uliokuwa ndani zaidi, ulikuwa mzima. Shangazi alikata kipande upande mmoja tu, kisichozidi kiganja, akapaka udongo mbichi kwenye jeraha la mti, akanipa kipande.

"Hicho kinawatosha?" aliuliza.

"Hakitoshi," nilisema.

"Basi tumieni majani pia. Majani yanarudi."

Hatukuwa tumewahi kuyajaribu majani. Profesa aliandika hilo kwenye daftari akiwa amesimama majini nusu kiatu.

Wiki iliyofuata shangazi alikuja maabara, mara ya kwanza. Nilimvisha koti jeupe na kumwonyesha sahani ya bakteria wa vichupa, wale wasio na mwenyewe. Majani yalikuwa yametoa duara dogo, lakini lilikuwepo. Aliinama akaitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama nilivyomwambia.

"Sasa hawa wadudu," alisema, "hii pia si wataizoea? Kama walivyozoea zile za rangi mbili?"

Nilimtazama profesa, aliyesimama nyuma yetu. Alinionyesha kwa kichwa nijibu mwenyewe.

"Wanaweza," nilisema.

"Halafu mtafanya nini?"

Nilisema tutatafuta kingine, na wakati huo huo tufunze watu wasitumie ovyo hiki tulichopata. Nilijisikia nikisema maneno ya kwenye bango. Shangazi aliniuliza tu kama anaweza kuona tena, na nilipomsogezea sahani chini ya taa, simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Alikuwa mama. Mvua ilikuwa inakuja juu ya mlima, viazi vilikuwa vimechimbwa na viko wazi shambani, na alitaka kujua ni nani kati yetu wawili anakuja kumsaidia kufunika. Shangazi alianza kuvua koti.